Uzi wa Ubavuni

Mtakumbuka niliwaacha nimeshika pazia la kitanda namba tisa, na kitanda chenyewe kitupu.

Mto uko sakafuni. Shuka limeburutwa mpaka chini. Katikati ya godoro kuna doa la ukubwa wa kiganja, rangi ya chai iliyokolea.

Sikupiga kelele. Nilikumbatia mkoba wangu kama mtu aliyeambiwa kuna wezi, maana ndani ya mkoba ule mlikuwa na mkasi, na mkasi ule ndio ulioninyima amani tangu asubuhi.

"Umechelewa," ilisema sauti kutoka kitanda cha kumi. "Wameshamtoa."

Alikuwa bibi mmoja mwembamba, mguu wake mmoja uko kwenye plasta ngumu mpaka pajani, macho yake hayatulii.

"Wamemtoa wapi, bibi?"

"Kitandani."

"Wamempeleka wapi?"

Alijikuna shingo taratibu, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Chooni. Ulidhani wapi?"

Jamani! Nilikaa kwenye godoro bila kukaribishwa.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nieleze upesi. Pindo ni fundi cherehani mwenzangu. Miaka kumi na tisa tumekaa chumba kimoja, cherehani yake inatazamana na yangu, feni moja tunagombania. Wanamwita Pindo kwa sababu hakuna anayepinda gauni kama yeye; ukiligeuza huoni aliposhona. Mimi wananiita Mama Nesi tangu binti yangu alipovaa sare nyeupe, na wodi hii ndiyo anayofanyia kazi.

Siku nne zilizopita utumbo wa Pindo ulijinyonga. Wakampasua kuanzia kitovuni kushuka, wakakata kipande kilichoharibika, wakaunga. Ubavuni wakamwachia bomba laini, nene kama penseli, la kutolea maji machafu kutoka tumboni mpaka kwenye chupa. Ngozini lilifungwa kwa uzi mweusi.

Jana saa kumi alasiri kona ya bandeji ilibanduka. Mkia wa uzi ukachomoza, urefu wa kidole.

Nyie hamjui chumba chetu cha ushonaji. Kwetu nguo haitoki mlangoni na uzi unaoning'inia. Mteja akikuta mkia wa uzi, aliyeshona anafagia chumba wiki nzima. Jicho langu likiona uzi, mkono unakuwa umeshafika.

"Ukate bwana," Pindo mwenyewe aliniambia. "Unanasa kwenye shuka, unanivuta ngozi."

Nikatoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Nikapenyeza ncha chini ya bandeji bila kuifunua, kwa kuwa niliogopa kukiona kidonda. Mkasi ukagoma mara moja, kama unavyogoma ukikuta kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Nikabana. Ukakata. Nikabandika plasta upya, nikazikunja kona, tukaendelea kusema watu.

Leo alfajiri binti yangu alikuwa ananyoosha sare yake, anajisifia kazi kama kawaida yake. Akasema, "Kile kiuzi ndicho kinashikilia bomba, mama. Kikiachia, bomba linahama, uchafu wote unabaki tumboni. Mtu anaoza ndani kwa ndani huku anacheka na wageni."

Mimi nikasema, "Kumbe."

Kumbe! Mama mzima, nikasema kumbe, nikaenda kuosha vikombe. Mama mwenzangu unayesoma, usiniige. Neno lililonikwama asubuhi ile ningelitema, hadithi hii isingekuwepo.

* * *

"Mama Nesi! Mama Nesi, nimetoa upepo!"

Pindo huyo anaingia, mkono mmoja ukutani, mkono wa pili umeshika chupa yake kama mtu anayetoka kununua mafuta. Neno alilolitumia hasa sitaliandika, gazeti linasomwa na wakwe. Lakini ilikuwa habari njema. Daktari alishasema aliyekatwa utumbo hanywi hata tone la maji mpaka utumbo uamke, na ukiamka unatoa taarifa kwa upepo.

"Wodi nzima tumeshapata taarifa," alisema bibi wa kitanda cha kumi.

"Wewe bibi una wivu. Wa kwako uko kwenye mguu, unatokea wapi?"

Akacheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, mishono itafumuka. Na wamenishona vibaya hao, mishono mirefu mirefu kama ya kushikizia nguo kabla ya cherehani. Ningekuwa macho ningewaelekeza."

Nilivuta shuka haraka nikalifunika lile doa. Sijui kwa nini. Nikisema najua nitakuwa muongo. Nilimlaza, nikamwekea mto, nikaitazama chupa.

Jana mchana ilikuwa nusu. Waliimwaga jioni. Leo chini kuna kidogo tu, kimo cha ukucha.

Binti yangu akaingia na karatasi zake. Mkimuona akiwa kazini kwake mtamwogopa. Nyumbani namtuma vitunguu, hapa ananitazama kama askari.

"Mama, muda wa kuona wagonjwa bado dakika kumi. Nani kakuruhusu?"

"Nimejiruhusu. Nesi, hii chupa..."

"Umeiona? Inakauka. Ndivyo tunavyotaka, maana yake tumbo limesafika. Daktari akipita labda ataliondoa hilo bomba."

Msomaji, nilitaka kumbeba mwanangu nimzungushe wodi nzima. Kumbe nimejitisha bure! Kumbe uzi wenyewe ulikuwa umeshamaliza kazi yake!

"Na bandeji," nikasema kwa sauti ya kujifanya sijali, "umeiangalia?"

"Nilikuta wenzangu wa zamu iliyopita wameibandika upya. Safi kabisa, hata sikuigusa."

Akaandika kitu kwenye karatasi, akaitundika miguuni pa kitanda, akaenda.

Wenzake gani? Plasta ile niliibandika mimi.

"Mama Nesi," Pindo aliniita taratibu. "Hilo dirisha lifunge. Baridi."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nje jua linawaka mpaka mabati yanalia.

Nikamgusa paji la uso. Nikautoa mkono kama niliyegusa pasi. Meno yake yalianza kugongana, kidogo kidogo, kama cherehani inayoanza kazi.

"Ni uchovu wa choo," alisema. "Usinitolee macho hivyo, utaniua kabla ya siku zangu."

"Nimwite Nesi?"

"Mwache mtoto afanye kazi. Nishike mkono tu."

Nikamshika. Mkono wa mtu aliyenifundisha kukata kola, mkono uliompokea mtoto wangu siku ya kwanza aliporudi kutoka shule akilia. Ulikuwa unatetemeka wote mpaka begani.

Ndipo bibi wa kitanda cha kumi aliponiinamia, mguu wake wa plasta umebaki nyuma kama mzigo wa mtu mwingine.

"Ule mkasi," alininong'oneza, "bado unao?"

Niliuvuta mkoba kifuani.

"Mkasi gani, bibi?"

"Nimevunjika mguu, sikuvunjika macho. Jana nilijifanya nimelala kwa sababu mlikuwa mnamsema mkwe wa mtu na mimi napenda kusikiliza. Nikaona. Sema mwenyewe, mwanangu. Mimi nikisema itakuwa umbea. Wewe ukisema itakuwa msaada."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini aliyeingia mlangoni wakati ule alikuwa shemeji, mume wa Pindo, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake ina makovu ya cheche mpaka viwikoni. Alikuja moja kwa moja kwangu kabla hajamfikia mkewe, akanishika mabega.

"Shemeji, sijui nikushukuru vipi. Ndugu zake hawajakanyaga hapa. Wewe ndiye ndugu. Wewe ndiye unayemgeuza, unayemfuta, unayembandika plasta. Mke wangu akipona ni kwa mkono wako."

Niambieni nyie mngesema nini.

* * *

Daktari mpasuaji ni mtu mfupi anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuja na binti yangu nyuma yake. Alimtazama Pindo mara moja tu, akaacha salamu katikati.

"Ameanza kutetemeka lini?"

"Sasa hivi," shemeji alijibu. "Nimemkuta hivi."

Alibonyeza tumbo kwa vidole viwili. Pindo alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Daktari akafunua shuka, akaliona doa nililolifunika. Akaitazama chupa. Akamtazama binti yangu.

"Chupa kavu, godoro limelowa. Hukuona?"

"Nilidhani inakauka, daktari."

"Bandeji hii kaibandika nani?"

Binti yangu aliinama aitazame. Na pale pale nikaona mgongo wake unakakamaa.

Alikuwa anaziona kona. Kila daftari alilosomea tangu darasa la kwanza nililivika karatasi mimi, na kila kona niliikunja ndani, kisha nikaikunja tena pembe tatu ndogo isichanike. Watoto wengine walimcheka. Plasta ya Pindo ilikuwa na kona nne, zote pembe tatu.

Alinyanyua macho taratibu mpaka yakanifikia. Nikatazama sakafu.

"Nauliza, kaibandika nani?"

"Mimi, daktari," binti yangu alisema.

Nilisikia bibi wa kitanda cha kumi anavuta pumzi.

Daktari alibandua kona moja. "Uzi haupo, imebaki ncha tu. Haukukatika huu, umekatwa."

"Nilikata mimi, kwa bahati mbaya. Nilipokuwa nabadilisha bandeji."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mtoto niliyemchapa akiwa na miaka saba kwa kudanganya kuhusu kikombe, anadanganya mbele ya daktari wake, kwa ajili yangu, macho makavu.

Shemeji alimgeukia. "Wewe? Mtoto niliyekubeba mgongoni? Unamkatia mke wangu uzi halafu unanyamaza?"

"Nisamehe, baba."

"Kazi ya kutunza watu, unadhani ni mchezo?"

"Zamu yako imekwisha," daktari alimwambia, kwa upole ule ule. "Ukitoka hapa andika maelezo, uyapeleke kwa mkuu wa wauguzi. Sijui kama utarudi wodi hii. Sijui kama utarudi wodi yoyote."

Kisha akashusha pumzi, akahesabu kwa vidole.

"Saa mbili mpaka saa sita. Masaa manne tu. Afadhali. Tutampa dawa kwenye dripu, tutaweka bomba lingine, tutamwangalia mpaka kesho. Ingekuwa ni tangu jana, uchafu ungekuwa umeshazagaa. Ningemrudisha mezani sasa hivi, nisingengoja hata mtu wa kusukuma kitanda."

"Asante, daktari," alisema shemeji, akajifuta uso. "Asante sana. Kesho si mbali."

Kesho!

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini kuhesabu masaa najua. Saa kumi alasiri mpaka saa sita mchana. Ishirini. Sio manne. Ishirini!

Uongo ule mwanangu aliutoa kama mtu anavyovua koti kumfunika mama yake. Hakujua anamfunika mtu mwingine shuka la mwisho. Nikinyamaza, nimeokoa jina langu, nimempoteza Pindo. Nikisema, mwanangu naye anakuwa muongo mbele ya mkubwa wake, tena muongo katika jambo la uhai wa mtu, na hilo ni baya kuliko kukata uzi.

Nilimtazama binti yangu. Alitikisa kichwa kidogo sana. Usiseme, mama.

Nilimtazama Pindo. Meno yalikuwa yanagongana, midomo imekuwa rangi ya majivu, lakini alikuwa ananitazama mimi na kujaribu kutabasamu. Yeye alijua. Yeye ndiye aliyeniambia nikate. Na yeye pia alikuwa ananyamaza, ananilinda, hajui kwamba kunilinda ndiko kunakomuua.

Watu watatu wamenyamaza kwa ajili yangu, nikimhesabu na bibi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nanyamaza kwa ajili ya nafsi yangu.

Daktari alishageuka. Alishafika kwenye pazia.

"Daktari!"

Sikuitambua sauti yangu. Nilifungua mkoba. Nikamwaga kila kitu kitandani: leso, funguo, futi ya kupimia, pini. Mwisho mkasi ukaanguka miguuni pa Pindo, ukalala mdomo wazi.

"Sio leo. Ni jana, saa kumi alasiri. Sio huyu mtoto. Ni mimi."

Daktari aliliachia pazia, akarudi kitandani.

"Mama," binti yangu alinong'ona, "mama, acha."

"Siachi. Anadanganya, daktari, ananiokoa. Hakugusa kitu. Niliuona uzi unaning'inia, nikaukata. Ni masaa ishirini."

Shemeji aliuokota mkasi. Aliugeuza kwenye mikono ile yenye makovu, akanitazama, na maneno aliyonishukuru nayo nikayaona yanamtoka usoni moja baada ya jingine. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Daktari hakupoteza muda na mimi wala na binti yangu. Sauti yake ya upole ilipasuka. "Chumba cha upasuaji, sasa! Nesi, piga simu, halafu rudi hapa ushike kichwa cha kitanda. Maelezo utaandika baadaye. Mnaweza kulia baadaye nyote."

Akabandua plasta yangu kwa mkupuo, kona zangu nne zikaenda nazo. Akalishika bomba kwa vidole viwili alitoe.

Halikungoja kuvutwa. Lilimfuata mkono kama uzi uliochomoka kwenye sindano.

Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Hata mimi niliona. Lilikuwa fupi. Mwisho wake nusu ulikuwa laini, umenyooka, kama kitu kilichopita kwenye makali. Nusu ya pili ilikuwa imechanika ovyo.

"Hili niliingiza mwenyewe," alisema, na sasa alikuwa anaongea peke yake. "Ndani peke yake lilikuwa na urefu wa kiganja na nusu."

"Lililobaki liko wapi?" aliuliza shemeji.

Nami nikaukumbuka mkasi wangu ulivyogoma chini ya bandeji, nikaubana. Uzi mwembamba namna ile, mkasi unagoma kwa nini? Nikamkumbuka Pindo anatembea kutoka chooni, anacheka, chupa mkononi, bomba linavutwa kila hatua.

Kitanda kilianza kusukumwa. Binti yangu alikishika kichwani, machozi yanamdondoka kwenye sare aliyoinyoosha alfajiri, na hakunitazama tena. Nilikimbia pembeni nimeshika chuma cha ubavuni mpaka kwenye milango miwili, pale ambapo wageni hawapiti.

Hapo Pindo aliutoa mkono wake chini ya shuka, akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mama Nesi," alisema, meno yakigongana, "mimi nilikwambia ukate uzi. Wewe ulikata nini?"